Fikira Mpya Hutoka kwa Mwenye Kushika Kazi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wanachama watasoma habari za magunia yaliyopokelewa, maghala yaliyojengwa na fedha zilizogawanywa. Sisi twapenda kueleza jambo jingine ambalo halionekani katika hesabu za mwaka, nalo ni namna fikira mpya zinavyoingia mahali pa kazi, na namna zinavyofukuzwa. Jambo hili lafaa kutazamwa hasa katika mwaka wa kumi, kwa kuwa chama cha umri huo kimekwisha pata mazoea yake. Mazoea ni kama njia ya ng'ombe: kila apitaye huizidisha kina, hata mwisho hapana akumbukaye kwa nini ilipinda.

Tuanze na mfano wa karibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa katika Tanganyika walikuwa wakiwauzia wanunuzi wa binafsi, na kilio chao kikubwa kilikuwa cha mizani. Mkulima alileta pamba yake, ikapimwa na mwingine, naye akaambiwa uzito. Fikira iliyowaunganisha ilikuwa nyepesi: mwenye pamba awe na jicho lake kwenye mizani. Watu waliopanga mstari juani ndio walioijua haja hiyo. Katika juhudi hizo vyama vilizaliwa, na mwaka 1955 vikaungana huko Mwanza kuwa shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Kweli wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakulima wa Denmark nao walifikwa na shida iliyowalazimisha kufikiri. Katika miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ilijaa katika masoko ya Ulaya, na bei ya nafaka yao ikaanguka. Wakageukia siagi, walakini siagi ya mkulima mdogo ilikuwa leo njema, kesho mbovu, nayo haikupata bei ya siagi ya mashamba makubwa. Mwaka 1878 zikatokea, huko Denmark na Sweden, mashine za kuzungusha maziwa na kutenga malai bila kukoma. Kwa mashine hiyo maziwa ya wakulima wengi yaliweza kuchanganywa na kutengenezwa siku ile ile. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wakulima walianzisha kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika nchini mwao, na kabla ya karne ile kwisha viwanda vya namna hiyo vilikuwa mamia kwa mamia. Mashine peke yake isingaliwatajirisha. Ushirika ndio uliomwezesha mwenye ng'ombe wachache kuitumia sawa na mwenye ng'ombe wengi.

Hata hivyo kila mageuzi huzaa tatizo lake. Katika viwanda vingi vya nchi mbalimbali maziwa yalilipiwa kwa uzito, kwa hiyo mwenye kutia maji alilipwa sawa na mwenye maziwa mazito, na mwaminifu akapata hasara. Mwaka 1890, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Stephen Babcock alitangaza njia nyepesi ya kupima mafuta ya maziwa kwa asidi na chombo cha kuzungusha. Hakuiwekea haki ya peke yake. Aliwaachia watu wote waitumie. Tangu hapo kiwanda kiliweza kulipa kwa ubora, na mkulima akapata sababu ya kutunza ng'ombe bora. Hapo twajifunza kwamba mtu akilipwa sawa, afanye vema au afanye vibaya, hawezi kulaumiwa akiacha kufikiri.

Sasa tutazame ndani ya viwanda, kwa makarani na mafundi. Mwaka 1880 kampuni ya William Denny and Brothers, waunda meli wa Dumbarton, Scotland, iliweka utaratibu wa kuwapa tuzo wafanyakazi waliobuni chombo kipya au njia bora ya kazi. Mapendekezo yalichunguzwa na halmashauri, na yaliyofaa yakalipwa. Fundi hakuwa na haja ya kumbembeleza msimamizi wake, maana palikuwa na mlango unaojulikana.

Huko Japani, Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, alibuni mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Fikira hiyo ilirithiwa na kiwanda cha magari cha Toyota, ambako mfanyakazi akiona kosa aliruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha kazi. Mwaka 1951 kiwanda hicho kilianza pia kupokea mapendekezo ya wafanyakazi kwa utaratibu maalumu. Jambo kubwa hapo ni kwamba aliyetangaza kosa hakuhesabiwa kuwa mkosaji.

Basi, Chama Kikuu chetu kichukue nini katika habari hizi? Kwanza, karani wa mizani, mlinzi wa ghala na dereva wa lori wawe na mahali pa kupeleka mawazo yao, nao wajibiwe kwa siku iliyowekwa, hata kama jibu ni la. Pili, si kila jambo jipya ni jema. Kwa hiyo lijaribiwe katika chama kimoja cha msingi kwa msimu mmoja, hesabu zake ziwekwe wazi, ndipo mkutano mkuu uamue. Tatu, likifaa, aliyelileta atajwe jina lake na apewe tuzo, wala mkubwa wake asilivae kama kanzu yake. Nne, atoaye habari ya gunia lililooza au hesabu isiyolingana alindwe, maana kosa lililofichwa ghalani hulipwa na wanachama wote.

Viongozi wa leo wengi ndio waliokuwa vijana wabishi wa jana, waliouliza kwa nini mambo yafanywe kwa njia ya kale. Ingekuwa ajabu wao wenyewe wakisema sasa, "Ndivyo tulivyozoea." Mwanachama asiyesikilizwa mara nyingi haondoki kwa makelele, hupeleka gunia lake kwa mnunuzi wa njiani, na siku ya kufunga hesabu chama huona pengo lisilo na maelezo. Twauomba mkutano mkuu ujao uyatie mambo haya manne katika ajenda yake, ili msimu wa kwanza wa mwaka wa kumi na moja uanze kwa kuwasikiliza wanaoshika kazi.