Kitambulisho, Kabila na Vijana wa Jamii za Walio Wachache nchini Kenya

Mjadala kuhusu usawa wa fursa nchini Kenya kwa kawaida huanzia mbali na chanzo cha tatizo. Tunahesabu ajira za serikali, nafasi za vyuo vikuu na mikopo ya biashara, kisha tunauliza nani kapata na nani kakosa. Lakini kijana Mnubi wa Kibra, Mmakonde wa Kwale au Msomali wa Garissa mara nyingi huwa ameshakosa kabla hajafika kwenye foleni hizo. Hukosa akitimiza miaka 18, katika ofisi ya usajili wa watu, anapoomba kitambulisho cha taifa. Makala haya yanadai kwamba hapo ndipo ubaguzi mzito zaidi ulipo. Yanadai pia kwamba tiba iliyopendelewa na serikali tangu 2016, ya kuitangaza jamii moja baada ya nyingine kuwa kabila rasmi, imewafaa walioipata lakini haijaugusa mzizi.

Tuanze na uzito wa kadi yenyewe. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hafungui akaunti ya benki, hapati nambari ya mlipakodi ya KRA ambayo mwajiri huidai mapema, na hapigi kura. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana huyu hawezi hata kusajili kampuni ya kuombea zabuni hiyo. Kinachoumiza zaidi ni kwamba mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, hufanywa kwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto anasoma miaka yote ya shule akiimba wimbo wa taifa pamoja na wenzake, anafaulu, halafu ndipo anapojua kuwa uraia wake una mashaka machoni pa serikali.

Mwenzake wa jamii kubwa huenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole, basi. Lakini kijana wa jamii za walio wachache hupelekwa kwanza kupigwa msasa, yaani kuchujwa. Hukaa mbele ya kamati ya machifu, wazee, maafisa wa usajili na wa usalama, katika siku maalumu zilizopangiwa watu wa aina yake. Huulizwa ukoo wake na wazee wanaomjua, na hutakiwa kuleta hati za babu na nyanya, watu waliozaliwa zama ambazo Mwafrika wa kawaida hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Akikosa karatasi moja anaambiwa arudi, na kurudi ni nauli, ni kiapo cha kulipia kwa wakili, ni kibarua cha siku kilichopotea. Sheria ya Usajili wa Watu inampa msajili mamlaka ya kudai ushahidi zaidi, ila haitaji jamii yoyote ya kuchujwa. Hata hivyo, kati ya taarifa inazoagiza zisajiliwe imo kabila au asili ya mwombaji, na mlango wa ubaguzi upo hapo hapo.

Mlango huo ulifunguliwa na wakoloni. Chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba hati iliyoitwa kipande ndani ya kikebe cha chuma, nacho kilieleza kabila lake na mwajiri wake. Kila kabila lilikuwa na eneo lake la hifadhi, na mtu alitambulika kwa eneo hilo. Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliopigana katika jeshi la King's African Rifles, hawakuwa na eneo la namna hiyo. Walikaa Kibra, ambako mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, nao wakahesabiwa wapangaji. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani. Uhuru ulipofika, dola mpya ilirithi daftari lile lile lenye safu ya kabila, na yule ambaye safu yake haikuwa na jina linalojulikana akaonekana mgeni.

Kuwa na jina linalojulikana nako hakukutosha. Wasomali wa Kenya walikuwa na kabila na ardhi, lakini mwaka 1989 waliamriwa wapitie uchunguzi wao peke yao na kupewa kadi za waridi za kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Katika miaka ya karibuni, vijana ambao wazazi wao waliwaandikisha utotoni kama wakimbizi katika kambi za Dadaab, kwa sababu ya ukame na njaa, wamekuta alama zao za vidole zikiwafungia uraia waliozaliwa nao.

Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka Kwale na kuandamana hadi Nairobi kudai vitambulisho, na wakavipata. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Baadaye Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakapewa uraia, na mwaka 2023 wakafuata Wapemba wa Pwani. Ujasiri wa waandamanaji wale unastahili heshima kubwa, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kupokea haki yake kwa njia iliyopo. Lakini njia yenyewe ina kasoro. Inathibitisha dhana kwamba uraia hupitia kabila, na inaifanya haki ya Katiba isubiri tamko la rais. Wazao wa wafanyakazi waliotoka Rwanda na Burundi kuja mashamba ya chai watangoja zamu yao hadi lini?

Watetezi wa msasa husema ni suala la usalama. Hoja hii haiwezi kupuuzwa katika nchi iliyozika watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Lakini mmoja wa washambuliaji wale alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria na mwana wa chifu. Hakuna kamati ya wazee ambayo ingemkataa. Kumuuliza mtu ukoo wake hakufichui anachopanga. Kunachofanya ni kumpa afisa nafasi ya kudai hongo na kumpa kijana asiye na hatia sababu ya kuichukia serikali yake.

Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha wasubiri hadi miaka 18 bila hakika ya uraia. Februari 2025 rais alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Ni hatua njema, lakini Kibra haiko mpakani, na agizo la rais mmoja laweza kufutwa na rais mwingine. Kinachohitajika ni sheria: kabila liondolewe katika taarifa za usajili, na afisa anayekataa ombi aandike sababu zake, kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyotaka, ili mwombaji aende nazo mahakamani. Kifungu cha 14 kinasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye baba au mama yake ni raia siku anapozaliwa. Majina ya wazazi huandikwa mtoto anaposajiliwa, kwa hiyo uraia wake unaweza kuandikwa katika cheti hicho hicho, miaka 18 kabla ya kamati yoyote kukaa.