Klachi na Flaiwili: Maneno Mawili Yaliyozaliwa Barabarani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi mpaka wa Zambia huko Tunduma imepitisha mizigo ya kila namna, na mmojawapo ni mzigo wa maneno. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia mawili tu, yaani klachi na flaiwili, kwa sababu yametuletea taabu katika kazi ya kufasiri miongozo ya ufundi wa magari. Taabu yenyewe si ya ofisini peke yake. Humfikia hata mwenye gari lililokwama Msangano, katika Wilaya ya Momba, akisubiri kipuri kiletwe kutoka madukani Tunduma.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha tahajia na sarufi na kupitisha vitabu vya shule. Karakana haikuwamo katika shughuli zake. Huko mafundi walijitafutia maneno wenyewe. Usukani wa chombo cha baharini ulipewa gari. Parafujo, neno lililoingia zamani kutoka Kireno, lilikuwa tayari mkononi mwa maseremala. Kijana aliyezungusha hendeli ili kuwasha injini ya lori aliitwa taniboi, neno lililotokana na Kiingereza, na jina hilo lilimbakia hata baada ya stata ya umeme kumwondolea kazi ya kuzungusha. Hapo tayari twaona tabia ya maneno ya barabarani: hayangoji kibali, wala hayaachi kutumika kwa sababu maana yake ya kwanza imekwisha.

Mkondo huo ulipata nguvu mpya baada ya tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na njia za Zambia za kusini kuingia mashakani. Mafuta na shaba vikapitishwa Tunduma kwa malori, juu ya barabara iliyokuwa bado ya udongo, ambayo madereva wa kigeni waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ilianzishwa kampuni ya pamoja ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, iliyotumia malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta lilifuata mwaka 1968. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1967, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa hiyo wakati Baraza linaanza kupanga namna ya kuunda istilahi, malori yalikuwa yamekwisha kutangulia, na maneno yake pamoja nayo.

Klachi haikuleta ubishi. Ni chombo kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, na dereva hukikanyaga kila mara abadilishapo gia, hivyo jina lake liko mdomoni mwake kutwa. Husema klachi inateleza, klachi imeungua. Flaiwili ni tofauti. Ni gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki, na dereva aweza kuendesha miaka ishirini asilione. Kazi yake ni kulimbika mwendo: hupokea nguvu pistoni zinaposukuma na kuirudisha zinapopumzika, ili injini isitikisike wala kuzimika. Pleti ya klachi hukandamizwa juu ya uso wake. Wako wafasiri waandikao gurudumu tegemeo. Neno hilo halina kosa la sarufi, lakini tegemeo ni kitu cha kuegemewa kikiwa kimetulia, ilhali hiki kina faida kinapozunguka tu. Kwa maoni yetu ndiyo sababu halikushuka kutoka vitabuni hadi chini ya gari.

Jambo hili lingeweza kuachwa lilivyo kama chombo chenyewe kisingebadilika. Lakini mwaka 1985 kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kutengeneza kwa wingi flaiwili ya vipande viwili, vyenye springi kati yake za kumeza mtikisiko wa injini. Leo namna hiyo imo katika magari mengi ya dizeli. Kwa kuwa springi zimo ndani ya flaiwili, pleti ya klachi yake kwa kawaida haina springi. Flaiwili hiyo ikichakaa, wengi huiondoa na kufunga ya kipande kimoja, mara nyingi nyepesi, iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Hapo pleti nayo hapana budi ibadilishwe, iwekwe yenye springi. La sivyo mtikisiko wote huingia giaboksi, nayo hulia na kuchakaa upesi.

Fundi aliyeko Msangano akiagiza “klachi ya gari fulani” kwa simu, muuza vipuri humpatia iliyoandikwa kitabuni, yaani ile isiyo na springi. Kipimo kinalingana, meno ya shafti yanaingia, na kosa halionekani mpaka gari limekwisha kufungwa. Siku mbili na nauli zimepotea kwa kukosa kivumishi kimoja.

Uzito nao wataka maelezo. Kilo moja iliyopunguzwa sentimita 14 kutoka katikati ina athari mara nne ya kilo iliyopunguzwa sentimita 7, kwa hiyo kusema “nyepesi” bila kueleza chuma kimepunguzwa wapi ni kusema nusu ya habari. Flaiwili nyepesi huifanya injini ipandishe mizunguko haraka, na mshindani wa mbio za magari huifurahia. Dereva mwenye magunia ya mpunga, anayeondoka kwenye tope la masika, hukuta injini inazimika aachiapo klachi. Basi huongeza mafuta na kuiachia klachi polepole, na pleti huungua. Tena kimo cha uso wa flaiwili lazima kilingane na presha pleti; uso ukichongwa bila kuchonga pia ngazi yake inayofungiwa presha pleti, mbano hupungua na klachi huteleza ingawa ni mpya.

Twapendekeza basi flaiwili ikubaliwe kama ilivyo, katika ngeli ya i-/zi-, pamoja na flaiwili pacha kwa ile ya vipande viwili na flaiwili ya kipande kimoja kwa nyingine. Tuliwahi kufikiria flaiwili nzima kwa hiyo ya pili, tukaiacha: dukani nzima ni isiyovunjika, na hakuna mteja atakaye iliyovunjika. Kwa pleti, pleti ya springi na pleti kavu yatosha. Gurudumu tegemeo laweza kubaki katika kamusi likielekeza kwa flaiwili. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaotumia maneno mengine kwa vitu hivi, hasa walio karibu na mpaka ambako vipuri huja na majina kutoka pande zote mbili, twawaomba watuandikie, wakitaja gari, kipuri na neno.