Utundu wa mtoto saa ya kulala mchana: unatoka wapi, na nyumba iweje

Saa saba mchana, jua la Igalula likiwa kali, mtoto wa miaka miwili amekula, ameogeshwa na kulazwa mkekani. Dakika kumi baadaye yuko macho: amevua nguo, amemwaga maji, anamvuta paka mkia. Wengi humwita mkaidi. Katika makala haya tunaeleza utundu huo unatoka wapi, upi ni wa kucheka na upi unaweza kuondoa uhai.

Anahitaji usingizi kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14, usiku na mchana kwa jumla. Wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13. Watoto wengi huacha kulala mchana kabisa wakiwa kati ya miaka 3 na 5. Kwa hiyo wa miaka minne anayekataa kulala mchana huenda hauhitaji tena usingizi huo. Wa miaka miwili bado anauhitaji.

Kwa nini anakataa?

Katika umri huu mtoto amejifunza kutembea, kupanda na kufungua vitu, na kila kitu anataka kukijaribu. Tena anasikia wenzake wakicheza nje. Akichoka kupita kiasi hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi hukimbia ovyo na kulia kwa jambo dogo. Utundu wa namna hiyo ni dalili ya usingizi.

Kinachosaidia ni mazoea. Mlaze saa ileile kila siku, mahali penye kivuli na utulivu. Hata redio, punguza sauti. Kumchapa humtia hofu, na hofu hufukuza usingizi. Nusu saa ikipita hajalala, mwinue, akae karibu nawe acheze taratibu.

Hatari iko kwenye ukimya

Mtoto akiamka si lazima alie. Anashuka kimya kimya, nanyi mlioko shambani au kwenye bani la tumbaku mnajua amelala. Aliyeachiwa ulinzi mara nyingi ni dada yake wa miaka saba, naye ni mtoto. Kabla ya kumlaza, kagueni haya:

- Mafuta ya taa, dawa za tumbaku na pamba, na sumu ya panya: zifungiwe juu, asikofika. Msiziweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto huijua chupa ile.
- Ndoo na beseni: yafunikwe au yamwagwe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito, na maji ya kina kifupi tu yanatosha kumzamisha.
- Kisima: kiwe na mfuniko.
- Karanga na punje za mahindi: humkaba kooni. Zisiachwe chini.
- Mafiga yenye moto na sufuria ya moto: visiachwe bila mtu mzima.

Akinywa mafuta ya taa au dawa ya shamba

Msimtapishe wala kumpa maziwa. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu. Akimwagikiwa, mvueni nguo na kumwosha kwa maji mengi na sabuni. Mpelekeni mara moja kituo cha afya kilicho karibu, na mchukue ile chupa au pakiti ili mganga ajue alichokunywa.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inataja ulinzi na usalama pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Hapa nyumbani ulinzi huo huanza na jambo dogo: mtu mzima mmoja ajulikane kuwa zamu ni yake, na achungulie mkekani mara kwa mara, hata kama kumetulia.