Mtoto Amefunga Choo: Kutoka Vidonge vya Livingstone Kwihara Hadi Poti ya Plastiki Kanyenye

Twende moja kwa moja Kanyenye, katika Manispaa ya Tabora. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili na nusu. Poti ya plastiki imenunuliwa, nepi zimewekwa kando, na mtoto ameshajua kukojoa kwenye poti. Ila haja kubwa, hapana. Akisikia choo kinakuja, anajificha nyuma ya mlango, anasimama kwa ncha za vidole, anabana makalio, uso unamwiva. Siku ya nne bado. Siku ya tano kinatoka kitu kigumu kama jiwe, na mtoto analia mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Bibi anasema mpe mafuta ya nyonyo. Shangazi anasema mchomeke kipande cha sabuni. Jirani anasema huyo ni mkaidi tu, mkalishe kwenye poti mpaka atoe. Mwingine anasema mpe mboga za majani, basi.

Ukiusikiliza vizuri ushauri huu, utagundua kila kipande kina historia yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye barabara ileile: njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ambayo kituo chake kikuu cha bara kilikuwa hapa Tabora. Hebu tuifuate, maana mwisho wake una jibu la huyu mtoto wa nyuma ya mlango.

Maneno yaliyokuja na mzigo

Anza na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi sana ya dawa za kuendesha: haluli, sanamaki, shubiri. Haya matatu yana asili ya Kiarabu. Sanamaki, kwa mfano, ni "sana ya Makka", majani yaliyouzwa kote kwenye bahari ya Hindi. Watu wa pwani walikuwa na maduka ya dawa hizi kabla ya mzungu yeyote kufika Kazeh, jina ambalo Burton na Speke waliuita mji huu walipoingia Novemba 1857.

Nyonyo, au mbarika, ni mwenyeji zaidi. Mmea huu una asili ya upande wetu huu wa Afrika, na Wamisri waliandika matumizi ya mafuta yake kwenye mafunjo ya Ebers, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Bibi ana ushahidi wa miaka zaidi ya elfu tatu! Na kweli mafuta hayo yanaendesha. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha ni kwa nini: asidi iliyomo kwenye mafuta inagusa vipokezi fulani kwenye misuli ya utumbo, na utumbo unajikaza kwa nguvu. Shika neno hilo, kujikaza kwa nguvu. Tutalirudia. Na mbegu zake zisitafunwe kabisa, zina sumu ya risini inayoweza kuua.

Daktari aliyeamini kuharisha

Nje kidogo ya mji, upande wa Kwihara, lipo tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi kutoka pwani mpaka Agosti. Wengi tunamjua kama msafiri na mmisionari. Tunasahau kwamba alikuwa daktari, na alikuwa na dawa yake mwenyewe.

Vidonge hivyo viliitwa kwa Kiingereza "Rousers", yaani "viamsho", kwa sababu vilimwinua mgonjwa kitandani. Ndani yake kulikuwa na kwinini, utomvu wa mzizi wa jalapu, rubabi, na kalomeli. Kwinini ilikuwa ya malaria. Vile vitatu vingine vyote ni vya kuendesha. Livingstone, kama madaktari wengi wa zama zake, aliamini homa haitoki mpaka tumbo lisafishwe. Baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ikavitengeneza na kuviuza kwa wasafiri wa nchi za joto.

Leo tunajua kilichoponya ni kwinini. Kuharisha kulimpunguzia mgonjwa maji tu. Lakini kwa kuwa vyote vilikuwa kwenye kidonge kimoja, sifa waligawana. Hii ni kasoro kubwa katika historia ya tiba: mgonjwa akipona, kila kilichomo kwenye kikombe kinajisifu.

Na kalomeli? Ni chumvi ya zebaki. Haikuishia kwa wasafiri. Nchini Uingereza, Australia na Marekani iliwekwa kwenye poda za watoto wanaoota meno, na ilitolewa pia kama dawa ya kuendesha na ya minyoo. Watoto wengine wakageuka wekundu mikono na miguu, wakawa hawalali, hawali, wanalia mchana kutwa, na baadhi wakafa. Chanzo kilihusishwa na zebaki miaka ya 1940 mwishoni, na poda hizo zilipoondolewa madukani miaka ya 1950, ugonjwa wenyewe ukatoweka karibu kabisa. Kwa hiyo tukisema "safisha tumbo la mtoto" tukumbuke: wazo hilo limeshawahi kugharimu maisha, tena kwenye nchi zilizojiona zimeendelea.

Kinachotokea tumboni

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Choo kigumu kinapotoka, kinauma, wakati mwingine kinachana kidogo. Mtoto wa miaka miwili hana falsafa ndefu: kilichouma, usikirudie. Safari inayofuata anabana. Choo kinarudi nyuma na kukaa kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, hivyo kila saa choo kinazidi kukauka na kuwa kikubwa. Kikitoka, kinauma zaidi. Naye anabana zaidi.

Hali hii ikiendelea kwa wiki nyingi, puru inatanuka kama mfuko wa lambo uliojazwa kupita kiasi. Ikitanuka, haitoi tena taarifa vizuri kwamba "imejaa". Halafu choo chepesi kutoka juu kinapenya pembeni mwa lile bonge na kuchafua nguo. Mzazi anaona nguo imechafuka, anasema mtoto anaharisha, anampa dawa ya kuzuia kuharisha. Au anasema ni mvivu, anamchapa. Kumbe mtoto mwenyewe hakusikia chochote.

Ukiona hivyo, utaelewa kwa nini dawa inayolazimisha utumbo kujikaza kwa nguvu, bila kulainisha kwanza, inaweza kuongeza maumivu. Kipande cha sabuni kinaunguza ngozi laini ya ndani. Bonge linaweza kutoka leo, ndiyo. Lakini hofu imeongezeka, na hofu ndiyo injini ya huu mzunguko.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia watoto 380 wakati wa kufundishwa poti. Waliokataa kunya kwenye poti, wengi wao walikuwa wamefunga choo kabla ya kuanza kukataa. Tafsiri yake ni nzito: mara nyingi ukaidi hautangulii. Maumivu ndiyo yanayotangulia.

Mama wa Kidigo na daktari wa Boston

Hapa kuna hadithi nzuri kutoka pwani yetu. Mwaka 1977 jarida la Pediatrics lilichapisha kazi ya Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa Kenya. Mama wa Kidigo alianza kumzoesha mtoto katika wiki za kwanza za maisha. Kwa mkojo, alikaa chini amenyoosha miguu, mtoto katikati akitazama mbele, na mama akitoa mlio wa "shuu". Kwa haja kubwa, alikunja magoti, mtoto akakalia miguu ya mama wakitazamana. Kufikia miezi minne hadi sita, watoto wengi walikuwa wakiitikia. Bila shaka hata Tabora utawaona akina bibi wakifanya kitu kinachofanana na hiki, na wala hawajasoma jarida lolote.

Marekani wakati huo walikuwa na mkondo tofauti. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vya malezi vilisisitiza saa na nidhamu: mtoto akalishwe kwa ratiba, hata akiwa mchanga. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton wa Boston akaleta takwimu za watoto 1,170 na kusema ngojeni, mtoto aonyeshe utayari mwenyewe, kuanzia karibu miezi 18. Wastani wa kumudu mchana ulikuwa miezi 28.5.

Utasema hawa wawili wanapingana: mmoja anaanza wiki ya tatu, mwingine mwaka wa pili. Lakini tazama wanapokutana. Mama wa Kidigo anasoma ishara za mtoto na kumjibu. Brazelton naye anasoma ishara na kusubiri. Hakuna anayemlazimisha. Njia iliyoshindwa na historia ni ile ya tatu, ya "kaa hapo mpaka utoe".

Na mkao wa Kidigo una sayansi yake. Magoti yakipanda juu ya nyonga, msuli unaokunja puru unalegea na njia inanyooka. Mwaka 2003 Dov Sikirov wa Israeli aliwapima watu wazima 28: waliochuchumaa walitumia wastani wa sekunde 51, wakati kwenye kiti cha kawaida ilikuwa sekunde 130.

Burkitt, dona na sembe

Bado ushauri wa mboga za majani. Huo nao una jina: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi miaka ya 1960. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyowashtua Waingereza. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilisafiri tumboni kwa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao? Gramu 104, na saa 83. Burkitt akasema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula.

Kanyenye ya leo imeingia kwenye hesabu hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea na mtama, uwele na mahindi yaliyotwangwa. Leo mtoto wa mjini anakula ugali wa sembe iliyokobolewa mpaka nyeupe pee, mkate mweupe, biskuti na chai. Kurudi kwenye dona, maharage, mlenda, papai na maembe ya msimu ni jambo la busara kwa nyumba nzima.

Lakini hapa tuwe makini, maana blogu nyingi huishia hapa. Burkitt alilinganisha jamii, na jamii zinatofautiana kwa mengi zaidi ya chakula. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa matumbo ya watoto, wa mwaka 2014, unasema mtoto aliyefunga choo apewe nyuzinyuzi na maji ya kiasi cha kawaida. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuzidisha kunamtibu. Bonge likishakaa, mchicha peke yake hauliondoi.

Basi ufanyeje?

Kwanza, simamisha masomo ya poti. Mrudishie nepi kama anaitaka. Hujashindwa, unaondoa hofu.

Pili, mpeleke kituo cha afya apatiwe dawa ya kulainisha, kama laktulosi au polietilini glaikoli, kwa kipimo cha uzito wake. Hizi zinafanya kazi kwa kushika maji ndani ya choo. Mwongozo unasema ziendelee angalau miezi miwili, na zisikatishwe mpaka mafunzo ya poti yakamilike. Wazazi wengi huacha siku ya tatu choo kikishatoka, na mzunguko unaanza upya.

Tatu, akiwa hana tena maumivu, mkalishe dakika 5 hadi 10 baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka. Miguu ikanyage chini. Poti fupi inafaa sana. Kama ni choo cha kukaa, weka kigoda au tofali chini ya miguu. Shimo la choo linamtisha mtoto, usimlazimishe. Msifu kwa kukaa, hata asipotoa kitu.

Nne, asali. Tabora ni nchi ya asali, najua. Ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe, iwe kwa choo au kwa kikohozi. Inaweza kubeba vimelea vya sumu ya botulizimu.

Usisubiri ukiona haya: mtoto mchanga hakutoa choo cha kwanza ndani ya saa 48, tatizo lilianza mwezi wa kwanza wa maisha, tumbo limevimba, anatapika kijani, haongezeki uzito, au miguu ni dhaifu. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo. Ila mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyepita wiki za kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa na choo kikatoka laini, huyo hajafunga.

Kwa miaka mingi watu wazima waliopita njia hii waliamini tumbo linahitaji kupigwa mjeledi. Mtoto aliye nyuma ya mlango anahitaji kitu kingine: choo laini mara nyingi mfululizo, mpaka asahau kwamba kiliwahi kuuma.