Unataka mtumbwi wa Ziwa Nyasa? Zingatia haya kabla ya kutoa pesa

Watu wengi wa Tukuyu na Busokelo wana ndugu au biashara Kyela, wilaya iliyowahi kuwa sehemu ya Rungwe. Ukishuka hadi Matema kutafuta mtumbwi, usikurupuke kwa sababu bei ni poa. Mtumbwi usiofaa unaweza kukuletea msiba.

Lijue ziwa kwanza
Matema ipo ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550. Upepo wa kusini ukivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanakua njia nzima mpaka yanapofika ufukweni Matema. Siku tulivu, mawimbi huwa madogo na laini. Mtumbwi tunaouzungumzia hapa ni wa siku hizo.

Chagua urefu wa kati
Mfupi sana unageuka kirahisi, lakini unayumba na haubebi mzigo. Mrefu sana unakwenda vizuri, ila ni mzito, na ukiwa peke yako hutaweza kuuvuta mchangani. Kwa mtu mmoja au wawili wenye nyavu na mzigo kiasi, mita 4 hadi 5 zinatosha kwa kazi nyingi: kuvua usipa karibu na ufuko, au kupeleka vyungu vya Ikombe sokoni.

Angalia umbo
Mitumbwi mingi ya asili ya ziwa hili ina tumbo pana na mdomo mwembamba. Fundi hakukosea. Mdomo mwembamba unapunguza maji yanayoruka ndani, na tumbo pana linazuia kuyumba. Tatizo ni kwamba kupanga mzigo na kuchota maji kunakuwa kazi kidogo. Ukipewa wenye mdomo mpana, ujue wimbi nalo limefunguliwa mlango.

Kagua mti
Pita na kidole ndani na nje. Tafuta nyufa, vifundo vilivyolegea na sehemu laini zilizooza, hasa kwenye sakafu na ncha zote mbili. Kiraka si kosa, ila uliza kiliwekwa lini na kwa nini. Mtumbwi uliochongwa juzi una maji mengi kwenye mti. Ukiachwa juani utapasuka. Utunze kivulini, ufunike kwa nyasi.

Ujaribu kabla ya kulipa
Uingize kwenye maji ya magotini. Pakia mzigo wako wa kawaida, kaa, kisha yumba kushoto na kulia. Ukingo ubaki angalau shibiri moja juu ya maji. Uache hapo nusu saa, halafu tazama kama sakafu imelowa. Muuzaji akikataa jaribio hili, ondoka.

Usisahau
Tenga pesa ya kafi la akiba, chombo cha kuchotea maji na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu. Kama ni wa kuvulia, ulizia leseni halmashauri au kwa BMU ya mwalo wako kabla hujaanza kazi.

Na ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi huko mbali, usiingie ziwani, hata kama mtumbwi wako ni mzuri kuliko wote. Samaki watakuwepo kesho.