Visheti vya Bibi na vya Wapoland

Jana nimerudi kampasi kutoka kwetu Chalinze, na kama kawaida Bibi kanijazia kindoo cha visheti. Rumeti wangu, kijana wa Tengeru, kala sita halafu kaanza: "Mshkaji, hivi vitu ni vya Wazungu. Kwetu waliishi Wapoland, lazima wao ndio walivileta." Tukabishana mpaka usiku. Leo asubuhi nikaingia maktaba.

Kweli, Wapoland walikuwepo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 karibu 5,000 wakawekwa Tengeru, wengi wao kina mama na watoto. Makaburi yao yapo mpaka leo. Na kwao kuna kitu kinaitwa faworki: unga na mayai, unasukuma chapati nyembamba, unakata vipande, unavipinda, unakaanga, kisha unanyunyizia sukari ya unga. Zamani walikaangia mafuta ya nguruwe (Bibi asisikie hapo, jamani!). Wanavila kabla ya Kwaresima, kumaliza mafuta ya nyumbani kabla mfungo haujaanza.

Sasa njoo kwenye visheti. Kuna tui la nazi na iliki, na sukari hainyunyizwi: inapikwa shira, visheti vinageuzwa humo mpaka igande nyeupe. Msimu wake mkubwa ni Idi, mfungo ukishaisha. Wao wanakaanga wakiingia, sisi tukitoka!

Na sukari pwani haikungoja 1942. Karne ya 19 Pangani ilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, kwa hiyo utamu wenyewe una uchungu ndani. Hata Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Kufanana si kuzaliwa tumbo moja. Mwenye unga, mafuta na sukari, popote alipo, atakaanga kitu.

Bibi huwa anasimulia, mwanzoni mwa miaka ya 80 sukari ilipokuwa ya foleni, Idi moja alikaanga visheti bila shira. Watoto wakala kimya, na mama yangu hajasahau. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika tena, Bibi alisimamisha biashara yake pale stendi wiki tatu. Mimi nikachelewa kurudi chuo, maana nauli yangu ni visheti.

Ndiyo maana nasema, ukitaka historia ya kisheti usihangaike na nani kaleta. Uliza mwaka ule sukari ilikuwa bei gani.

Nimemsomea rumeti haya yote. Kanyamaza kidogo, halafu kachukua cha saba.

Alamsiki!