Saratani ya matiti kwa mbwa aliyezeeka

Mbwa walindao mifugo na mahindi katika maboma ya Kitale na Bungoma huzeeka kazini, na uvimbe chini ya tumbo hudhaniwa upesi kuwa jipu. Kwa jike mzee ambaye hakuondolewa ovari, huenda ukawa saratani ya matiti. Katika takribani nusu ya mbwa wenye uvimbe wa matiti, ndivyo ilivyo.

Macho hayatoshi kuamua. Daktari wa mifugo hupapasa matiti yote, kwa kawaida 10, pamoja na tezi za kwapani na kinenani. Kisha eksirei ya kifua huonyesha iwapo ugonjwa umefika mapafuni. Ukiwa umefika, kisu hakiponyi. Usipofika, damu, moyo na figo hupimwa, mbwa hutiwa nusukaputi, na uvimbe hukatwa pamoja na sehemu ya nyama nzima inayouzunguka. Uzee pekee si kizuizi.

Kilichokatwa hakistahili kutupwa, maana ndicho chenye jibu. Kipande hutiwa katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 wa kipande chenyewe, kikachunguzwe kwa darubini katika maabara kama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Kutoka Kitale ni zaidi ya kilomita 300, lakini kinachosafiri ni chupa, si mgonjwa.